Mwanajeshi Mstaafu na Madai ya Bima ya Ulemavu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mkoani Tanga

Majibu haya ni kwa wanajeshi wastaafu na familia zao, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza, Pangani, Korogwe, Handeni na Lushoto. Yanahusu bima: kudai, kukataliwa, na njia za kisheria baada ya kukataliwa. Pensheni tumeigusa pale tu inapochanganywa na bima, na huchanganywa mno.

Nimestaafu jeshi na sasa nina ulemavu. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua unamdai nani. Wengi hupeleka karatasi zao zote mahali pamoja, wakazungushwa miaka, kumbe hata mlango hawakuupata.

Kama uliumia ukiwa kazini jeshini, anayedaiwa ni Serikali, na njia yake ni Makao Makuu ya Jeshi na Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Hiyo si bima. Kama uliumia baada ya kustaafu, ukiwa umeajiriwa tena, tuseme mlinzi wa kiwanda au dereva wa kampuni, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Huko mwajiri ndiye anayechangia, wewe hukatwi hata senti. Kama uligongwa barabarani, iko bima ya lazima ya chombo kilichokugonga. Kisha ziko bima zako mwenyewe: ya ajali binafsi, ya maisha yenye kipengele cha ulemavu, na ile ambayo karibu kila mstaafu anaisahau, bima ya mkopo.

Tukio moja laweza kufungua milango miwili au mitatu. Mlinzi aliyegongwa na gari akiwa njiani kutekeleza agizo la mwajiri anaweza kuwa na dai WCF, dai kwa bima ya gari, na dai la bima ya mkopo wake benki. Kila dai lina fomu yake na muda wake.

Sijawahi kukata bima. Hilo la bima ya mkopo linanihusuje?

Uliwahi kukopa benki kwa dhamana ya mshahara au pensheni? Basi tafuta mkataba wa mkopo, soma sehemu ya makato ya mwanzo. Kwa kawaida utaona ada ya kushughulikia mkopo na ada ya bima, zote zimekatwa kabla pesa hazijaingia kwenye akaunti yako. Hiyo ada ya bima ndiyo ushahidi kwamba ulikuwa na kinga. Mara nyingi kinga hiyo ni ya kifo na ulemavu wa kudumu na wa jumla, si kifo peke yake kama wengi wanavyodhani.

Hati kuu ya bima hii hukaa benki kwa kuwa ni bima ya kundi: benki ndiyo mkata bima, wewe ni mmoja wa waliokingwa. Andika barua kwa meneja wa tawi ukiomba mambo manne: jina la kampuni ya bima, nakala ya masharti, kiasi kilichokatwa, na tarehe kinga ilipoanza na itakapokwisha. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukiambiwa kwa mdomo tu dirishani, huna kitu.

Bima ya mkopo inalipa kiasi gani?

Mlipwaji wa kwanza ni benki. Kampuni hulipa salio la mkopo lililokuwapo siku ya ulemavu, kwa kufuata ratiba ya marejesho. Chukua mfano: ulikopa milioni 18, siku ulipopata ulemavu ratiba inaonyesha ulipaswa kubaki na deni la milioni 11, lakini ulikuwa umelaza marejesho matatu ya shilingi 450,000. Mikataba mingi italipa zile milioni 11, na malimbikizo ya shilingi 1,350,000 pamoja na riba ya ucheleweshaji yatabaki juu yako.

Upande wa pili wa hesabu hiyo husahaulika. Dai likichukua miezi 10 kukubaliwa na benki ikaendelea kukata pensheni yako kila mwezi, makato hayo 10 yaliingia kwenye deni ambalo bima imelipa tangu siku ya ulemavu. Dai yarudishwe. Omba taarifa ya akaunti ya mkopo, si ya akaunti ya akiba tu, uweke alama kila kato lililofanyika baada ya tarehe ya ulemavu.

Je, niache kulipa mkopo nikisubiri majibu?

Usiache kimyakimya. Andikia benki uombe marejesho yasimamishwe au yapunguzwe wakati dai linashughulikiwa. Wakikataa, endelea kulipa ukiandika kwamba unalipa bila kuiacha haki yako ya kurudishiwa.

“Ulemavu wa kudumu na wa jumla” maana yake nini hasa?

Maana yake ni ile iliyoandikwa kwenye mkataba wako, na hapa ndipo madai mengi huanguka. Kuna aina tatu.

Ya kwanza inasema huwezi tena kufanya kazi uliyokuwa ukiifanya. Hiyo ni nafuu kwa mdai. Ya pili inasema huwezi kufanya kazi yoyote inayolingana na elimu, mafunzo na uzoefu wako. Hapa mwanajeshi mstaafu hupata taabu, kwa sababu kampuni huangalia ujuzi wako wote: ukiwa fundi mitambo, karani wa stoo au mwalimu wa mafunzo, watasema bado unaweza kukaa mezani. Ya tatu haitazami kazi kabisa. Inauliza kama unaweza kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, na kuinuka kitandani bila kusaidiwa, na hudai ushindwe idadi fulani ya hayo.

Juu ya hayo kuna kipindi cha kusubiri, mara nyingi miezi kadhaa, ambacho ulemavu lazima udumu bila kukatika kabla dai halijaiva. Na kuna ukomo wa umri. Kwa mstaafu, ukomo huo ndio wa kuusoma kwanza kabla hujatumia nauli ya kwenda popote.

Bima ya ajali binafsi ni tofauti: ina jedwali la asilimia kwa kila kiungo. Kama kiasi cha bima ni milioni 20 na jedwali linatoa asilimia 40 kwa jeraha lako, malipo ni milioni 8, uweze kazi usiweze.

Baba yangu alikatwa mguu kwa kisukari. Bima ya ajali italipa?

Kwa kawaida hapana. Bima ya ajali inataka tukio la ghafla, la nje, lisilokusudiwa. Kidonda cha kisukari ni ugonjwa. Bima ya mkopo au ya maisha yenye kipengele cha ulemavu, ikiwa inataja ajali na ugonjwa, inaweza kulipa. Mguu ni uleule na mkato ni uleule. Kinachotofautiana ni chanzo. Kwa hiyo daktari asiandike “amekatwa mguu” akaishia hapo. Aandike chanzo.

Ripoti ya daktari iwe na nini?

Hili lina uzito kuliko jambo lolote lingine katika ukurasa huu. Ripoti yenye mistari mitatu, “mgonjwa ana maumivu ya mgongo, hawezi kazi nzito,” haitoshi hata ikiwa na mihuri mitano. Nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, au hospitali nyingine yenye daktari bingwa wa tatizo lako, ukiwa na nakala ya ile maana ya ulemavu iliyo kwenye mkataba. Mwonyeshe. Daktari hawezi kujibu swali asilolijua.

Ripoti nzuri inataja jina la ugonjwa au jeraha, tarehe lilipoanza, tarehe lilipofikia hali ya kutotegemewa kubadilika, vipimo vilivyofanyika, matibabu yaliyojaribiwa, na kwa nini nafuu haitarajiwi. Kisha inashuka kwenye utendaji: anaweza kusimama dakika ngapi, kukaa dakika ngapi, kuinua kilo ngapi, kutembea mita ngapi na kwa kushikilia nini. “Hawezi kazi nzito” hutafsiriwa na kampuni kuwa “anaweza kazi nyepesi”, na hapo dai limekwisha.

Mgongo: picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi vizuri diski wala mishipa ya fahamu iliyobanwa. Kwa mtu wa miaka 55, eksirei itaonyesha tu pingili zilizochakaa, na kampuni itasema huo ni uzee. Kama ganzi inashuka mguuni au mguu umelegea, omba rufaa kwa kipimo cha MRI.

Masikio: waliokaa karibu na mizinga au viwanja vya shabaha hupoteza usikivu kwa namna inayotambulika. Kwenye odiogramu, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu, mstari hushuka karibu na hezi 4,000 (sauti nyembamba) kisha hupanda tena kufikia 8,000. Uzee huteremsha mstari taratibu bila kupanda tena. Tatizo ni kwamba umri ukisogea lile bonde hufifia, maana uzee nao umeongeza wake. Kipimo ulichofanyiwa miaka ya nyuma, hata karatasi iwe imechakaa vipi, kina thamani kuliko cha jana. Mlio wa mizinga hauendelei kuharibu masikio baada ya mtu kuondoka kwenye kelele, kwa hiyo ukidai kwamba usikivu umezidi kushuka miaka kumi baada ya kustaafu, jiandae kueleza kwa nini.

Macho: kipimo kiandikwe ukiwa umevaa miwani inayokufaa. Uwezo wa 3/60 maana yake unaona kwa mita 3 kile ambacho jicho zima linakiona kwa mita 60. Chini ya hapo, katika jicho lililo zima zaidi, ndipo penye upofu kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Mkataba ukisema “upofu kamili” na ripoti yako ikasema 6/60, hamjakutana.

Rekodi zangu za matibabu ziko hospitali ya jeshi. Nitazipataje?

Andika barua kwa mkuu wa hospitali husika, iwe Lugalo au nyingine, ukitaja namba yako ya jeshi, jina kamili kama lilivyo kwenye hati ya kustaafu, kikosi, na miaka uliyotibiwa. Ambatisha nakala ya hati ya kustaafu na kitambulisho cha NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake. Itaje kwa adabu. Kama kulikuwa na bodi ya madaktari kabla hujaruhusiwa kutoka jeshini, omba uamuzi wa bodi hiyo kwa jina, usiseme tu “faili langu”.

Jina likitofautiana herufi moja kati ya hati ya jeshi, NIDA na benki (Ramadhani na Ramadhan, Mwinyi na Mwinyimvua), shughulikia mapema kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Ni jambo dogo ambalo husimamisha dai zima.

Niambatishe nyaraka gani kwenye dai?

Fomu ya madai iliyojazwa pasipo kuacha nafasi tupu, ripoti ya daktari na vipimo, NIDA, hati ya kustaafu, mkataba wa mkopo au hati ya bima, uthibitisho wa ada ya bima kukatwa, taarifa ya akaunti ya mkopo. Kwa ajali, ongeza PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) na taarifa ya polisi. PF3 huchukuliwa kituo cha polisi, kama Chumbageni kwa wa mjini, ukaenda nayo hospitali daktari akaijaza. Majeruhi wa hali mbaya atibiwe kwanza, fomu ifuate, lakini ifuate siku zilezile. PF3 iliyotolewa miezi minne baadaye huzua maswali.

Toa nakala ya kila karatasi, ukizipa namba kwa kalamu juu kulia. Nakala halisi usimwachie mtu bila hati ya makabidhiano.

Nimechelewa kutoa taarifa. Dai limekufa?

Si lazima. Toa taarifa leo, ukieleza sababu kwa tarehe: ulilazwa lini, ulipoteza fahamu muda gani, ulijua lini kwamba kinga ipo. Sababu hiyo ya mwisho ina nguvu hasa kwenye bima ya mkopo, ambako masharti hukaa benki na mkopaji hajawahi kuyaona. Kwa WCF, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali, na dai lisipite miezi 12. Mwajiri akinyamaza, peleka taarifa mwenyewe.

Wamekataa wakisema ugonjwa ulikuwapo kabla ya bima. Nijibu nini?

Kwanza omba ile fomu ya tamko la afya uliyosaini. Bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu: ukiulizwa ukaficha shinikizo la damu ulilokuwa ukitibiwa, kampuni ina hoja nzito. Lakini fomu yenyewe mara nyingi husema mambo mengine. Wakati mwingine hakuna swali la afya lililoulizwa. Wakati mwingine majibu yamejazwa kwa mwandiko wa ofisa, wewe umesaini chini. Wakati mwingine mkopo uliongezwa mara tatu na kinga ikaanza upya kila mara, na kampuni inahesabu kutoka nyongeza ya mwisho ilhali ugonjwa ulianza baada ya mkopo wa kwanza.

Kisha tazama uhusiano. Kama walichokuta ni kisukari cha zamani na ulemavu wako ni wa kuanguka mnazini, waulize kwa maandishi kimoja kimezaaje kingine. Anayedai kwamba kifungu cha kutolipa kinahusika ndiye mwenye jukumu la kukithibitisha.

Na kile kifungu cha vita?

Bima nyingi hazilipi majeraha ya vita. Mpiganaji wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979 mwenye kipande cha chuma mguuni hatalipwa na bima ya benki kwa jeraha hilo. Dai hilo ni la Serikali. Lakini kuwa mwanajeshi hakugeuzi kila jeraha kuwa la vita. Aliyeanguka bafuni akavunja nyonga akiwa na miaka 58 hana habari na kifungu hicho, na kampuni ikikitaja, waombe waonyeshe vita gani.

Kampuni imenipa hundi ndogo na karatasi ya kusaini. Nisaini?

Soma kama imeandikwa kwamba malipo hayo ni ya mwisho na unaachilia madai yote. Watu wa bima huiita dischaji vocha. Ukisaini, kuirudisha nyuma ni kazi ngumu sana mahakamani. Waombe mchanganuo wa kiasi hicho, na kama unakubali sehemu tu, waandike kwamba ni malipo ya sehemu. Mkataba ukiwa kwa Kiingereza na husomi Kiingereza vizuri, usisaini siku hiyo. Chukua nakala ukatafsiriwe na mtu asiye wa kampuni.

Wakala aliyeniuzia bima haonekani tena.

Tanga husemwa ni waja leo waondoka leo, lakini si mji tu, mawakala nao ni hivyo. Acha kumtafuta. Dai liko kwa kampuni, na risiti au kato la benki linatosha kuonyesha ulilipa.

Nimekataliwa kabisa. Nishtaki wapi kabla ya mahakama?

Hakikisha una barua ya kukataliwa inayotaja kifungu. Andikia makao makuu ya kampuni malalamiko rasmi ukijibu kifungu hicho tu. Usimwage historia yote ya maisha. Wasipojibu au wakirudia yaleyale, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya wananchi wenye mgogoro na kampuni za bima. Malalamiko kuhusu mwenendo wa kampuni au wakala huenda kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kwa dai la pesa lenye ubishi wa maneno ya mkataba, Msuluhishi ndiye mahali pake.

Nina muda gani wa kwenda mahakamani?

Shauri la mkataba, miaka 6. Shauri la madhara, kama uzembe wa dereva, miaka 3. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba mazungumzo kabla ya kesi hayasimamishi saa. Barua nzuri za kampuni, “suala lako linafanyiwa kazi,” zinaweza kukufikisha mwaka wa saba. Hesabu kutoka tarehe ya mapema zaidi, yaani ya ulemavu wenyewe, hata kama wakili ataweza kubishania ya baadaye.

Dai dhidi ya Serikali ni jingine: notisi ya siku 90 kwanza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Ukitaka uamuzi wa ofisi ya umma upitiwe na mahakama, ombi la kibali cha kufungua shauri hilo liwe ndani ya miezi 6.

Kampuni iko Dar es Salaam. Lazima niifuate huko?

Si lazima. Kama dai limezaliwa Tanga na kampuni ina tawi hapa, inahesabika inafanya biashara hapa kwa dai hilo. Mahakama ipi kati ya ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu, inategemea kiasi unachodai. Tazama pia kama mkataba una kifungu cha usuluhishi binafsi, yaani mgogoro kuamuliwa nje ya mahakama. Kama kipo, kampuni itaomba kesi isimame kwanza.

Kesi yenyewe inaendaje?

Hati ya madai huwasilishwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama na ada hulipwa kwa namba ya malipo. Mdaiwa ana siku 21 za kuleta utetezi. Kabla ya kusikilizwa kuna hatua ya upatanishi, na madai mengi ya bima yanaweza kuishia hapo iwapo ripoti ya daktari ni nzito. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili.

Andaa hesabu. Hasara mahususi, kama makato 10 ya benki, nauli za Dar es Salaam na gharama za vipimo, lazima zitajwe kwenye hati na zithibitishwe moja moja kwa risiti. Risiti ya basi uliyoitupa stendi haitarudi. Riba baada ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka, au kiwango kingine mlichokubaliana kwa maandishi, kisichovuka 12.

Sina pesa ya wakili.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria. Kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri watakuelekeza walio karibu. Wanaweza kukuandikia barua na kukupangia nyaraka. Hawaruhusiwi kukutoza wala kusimama mahakamani kama mawakili. Ukiweka wakili, mkataba wa malipo uwe wa maandishi, ukisema kama gharama za daktari kuja kutoa ushahidi zimo au hazimo.

Mzee alifariki dai likiwa njiani.

Haki yake inaingia kwenye mirathi. Msimamizi ateuliwe, kwa wengi wa hapa ni Mahakama ya Mwanzo, kisha aandikie kampuni kwa jina lake akiambatisha uteuzi na cheti cha kifo. Na kama ni bima ya mkopo, fungua dai la pili la kifo siku hiyohiyo. Likikubaliwa, salio la mkopo hulipwa hata kama kampuni bado inabishana kuhusu ulemavu. Ubishi unaobaki ni wa yale makato ya kati ya tarehe ya ulemavu na tarehe ya kifo, na hayo ni ya warithi kudai.